Kilichoiua Remington ya Ilion: sheria au deni?

Machi 2024 kiwanda cha bunduki cha Remington kilichoko Ilion, mji mdogo wa jimbo la New York wenye watu wasiofika 8,000, kilifunga milango. Wafanyakazi takriban 270 waliokuwa wamebaki walikosa kazi. Bunduki zilikuwa zikitengenezwa hapo tangu 1828. Wanasiasa wa Republican walishatoa hukumu yao mapema: Ilion imeuawa na sheria kali za bunduki za New York. Kampuni yenyewe, ilipokiandikia chama cha wafanyakazi Novemba 2023, ililalamikia mazingira ya kisheria ya jimbo hilo na kulisifu jimbo la Georgia ilikokuwa ikihamia.

Hoja hiyo ina uzito wake. Januari 2013, mwezi mmoja baada ya watoto 20 na watu wazima sita kuuawa katika shule ya Sandy Hook, jimbo la Connecticut, kwa bunduki ya Bushmaster, chapa iliyokuwa chini ya kampuni hiyo hiyo, New York ilipitisha sheria iitwayo SAFE Act. Mwaka 2021 jimbo likaongeza sheria nyingine inayofungua mlango wa kuwashtaki watengenezaji mahakamani. Miezi michache baadaye Remington ikatangaza makao mapya LaGrange, Georgia. Tena haikuwa peke yake kati ya watengenezaji wa bunduki. Mwaka huo huo Smith & Wesson ilitangaza kuhamisha makao yake makuu kutoka Massachusetts kwenda Tennessee, na Kimber ilikuwa imeshahamishia yake Alabama. Smith & Wesson haikuwa imezama kwenye madeni, ilihama ikiwa na nguvu. Anayedai kwamba sheria hazikuchangia chochote hana budi kulijibu hilo.

Lakini tazama SAFE Act ilikataza nini hasa. Ilizuia raia wa New York kununua aina fulani za bunduki za mtindo wa kijeshi, si viwanda kuzitengeneza. Na bunduki zilizoilisha Ilion kwa miongo mingi hazikuguswa: Model 870, bunduki ya marisau iliyoanza kuuzwa 1950 na kupita milioni 10, na Model 700 ya wawindaji, iliyotoka 1962. Mkulima wa New York anazinunua zote mbili hadi leo. Isitoshe, 2013, mwaka ule ule wa sheria hiyo, mauzo ya kampuni nzima yalipita dola bilioni 1.2 kwa sababu watu walikimbilia madukani wakihofia makatazo zaidi. Biashara ilianguka hofu ilipoondoka. Baada ya Trump kushinda uchaguzi, mauzo yalishuka kutoka takriban dola milioni 865 mwaka 2016 hadi 603 mwaka 2017. Machi 2018 kampuni iliomba hifadhi ya mufilisi, ikiwa na deni la karibu dola milioni 950.

Deni la karibu bilioni moja kwa kampuni inayouza bunduki za kuwindia bata na kulungu lilitoka wapi? Swali hili ndilo linalokosekana katika hotuba zote zinazotolewa kuhusu Ilion.

Mwaka 2007 mfuko wa uwekezaji wa Cerberus wa jijini New York ulinunua Remington kwa takriban dola milioni 370, zaidi ya nusu yake ikiwa ni madeni ya zamani uliyokubali kuyabeba. Ukaiunganisha na Bushmaster, Marlin na chapa nyingine chini ya jina la Freedom Group. Kisha, 2010, kampuni mama ya kundi hilo ilikopa dola milioni 225. Fedha hizo hazikununua mashine mpya kwa ajili ya Ilion, wala hazikuongeza mshahara wa mtu. Sehemu kubwa yake ilirudi kwa Cerberus. Miaka miwili baadaye mzigo huo ukahamishiwa kwenye vitabu vya kampuni inayotengeneza bunduki. Ni sawa na mwenye nyumba anayeiweka rehani, akachukua fedha akaondoka, halafu wapangaji wakaambiwa wailipe benki.

Nimerudia kuzipigia hesabu hizo milioni 225 mara nyingi. Mwekezaji alishajirudishia sehemu kubwa ya fedha zake miaka miwili kabla ya Sandy Hook na karibu miaka mitatu kabla ya SAFE Act. Tangu hapo, soko likipanda faida ni yake, likishuka hasara inabaki kwa wakopeshaji na wafanyakazi. Biashara ya bunduki Marekani hupanda na kushuka kila uchaguzi, kila mtu katika tasnia hiyo anajua. Kampuni isiyo na deni huvumilia miaka miwili mibaya. Yenye riba ya mamilioni kila mwaka haiwezi.

Kuna wanaosema kesi ya wazazi wa Sandy Hook ndiyo iliyoimaliza. Makubaliano ya dola milioni 73 yalifikiwa Februari 2022, na walipaji walikuwa kampuni za bima. Wakati huo Remington ilikuwa imeshakatwa vipande na kuuzwa katika mnada wa mufilisi wa pili, wa 2020. Ruger ilichukua Marlin, Vista Outdoor ikachukua risasi na jina, na kundi la Roundhill, ambalo baadaye ndilo lililotangaza LaGrange na kuifunga Ilion, likapata shughuli ya bunduki za Remington pamoja na kiwanda cha Ilion kwa dola milioni 13. Mauzo hayo yalipokamilika, wafanyakazi zaidi ya 500 wa Ilion, wanachama wa chama cha wachimba migodi wa Marekani, waliachishwa bila kiinua mgongo. Hawa ndio ninaoona hawasikilizwi. Upande mmoja wa siasa unawatumia kama ushahidi dhidi ya sheria, upande wa pili unawatazama kama mafundi wa silaha wasiostahili huruma.

Si kwamba uongozi haukuwa na makosa mengine. Bastola yake ya R51 ilirudishwa kiwandani 2014 kwa kasoro, na vifyatuo vya Model 700 viliiletea kesi kwa miaka mingi.

Ila kwa anayeamini bado kwamba tatizo ni New York, kuna Huntsville. Mwaka 2014 Remington ilinunua jengo kubwa katika mji huo wa Alabama, jimbo lisilo na sheria yoyote inayofanana na SAFE Act, na kuhamishia huko baadhi ya kazi za Ilion. Iliahidi ajira takriban 2,000 na kupewa motisha ya karibu dola milioni 70. Ajira hizo hazikufikiwa kamwe. Miaka sita baadaye Huntsville nayo ikaingia kwenye mnada, ikifuatwa na madeni. LaGrange imeahidiwa uwekezaji wa dola milioni 100 na ajira 856.