Msimwite Mpagazi Mtumwa

Jumamosi iliyopita nilimpeleka baba mkwe wangu Bagamoyo. Mzee anaishi Tabora, umri wake umevuka miaka 80, na katika maisha yake yote hakuwahi kufika katika mji huu ambao alikuwa akiusikia tangu utotoni. Mimi nimezaliwa Dunda, hapa hapa Bagamoyo, na ningeweza kumtembeza mwenyewe, lakini nilitaka asikie historia kutoka kwa mtu ambaye hiyo ndiyo kazi yake, kwa hiyo nikamkodi mwongoza watalii atutembeze sisi peke yetu, kwa mwendo wa mzee, tangu asubuhi hadi adhuhuri. Kijana alifika kwa wakati, akamwamkia mzee kwa heshima, akampokea mkoba na kumtafutia kivuli kila tuliposimama. Kwa adabu sina la kumlaumu. Kilichonirudisha nyumbani moyo ukiniuma ni jambo alilolisema tulipokuwa Caravan Serai, jengo la kale la kufikia misafara.

Alituambia kwamba pale ndipo watumwa walipolazwa kabla ya kuvushwa kwenda Unguja, na kwamba jina la mji limetokana na wao, kwani walipoiona bahari walijua kuwa hawatarudi tena kwao, wakaibwaga mioyo yao. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na wapagazi, mwanangu, wao walilala wapi?" Kijana akajibu bila kusita, "Mzee, hao wapagazi ndio watumwa wenyewe."

Baba mkwe hakujibu neno. Alishika fimbo yake kwa mikono miwili, akalitazama lile jengo kwa muda mrefu, na tangu hapo hakuuliza swali jingine hadi matembezi yalipokwisha. Kijana hakuwa na njia ya kujua kwamba babu yake mzee huyu, baba wa baba yake, alikuwa mpagazi, yaani mchukuzi wa mizigo ya misafara, na kwamba alikuja pwani kwa hiari yake.

Nimeisikia hadithi hiyo ya kijana mara nyingi, kwa wageni na kwa wanafunzi wanaoletwa kwa mabasi, na sikuwahi kuipinga kwa sauti. Sasa naipinga. Mpagazi wa Kinyamwezi alikuwa mtu wa kazi. Alipatana ujira wake kabla ya kuutwika mzigo, akalipwa kwa vitambaa vya merikani na kaniki au kwa shanga na waya, na njiani alipewa posho yake. Mzigo wake ulikuwa na uzito wa takribani frasila 2, yaani zaidi ya kilo 30, na aliubeba kwa takribani miezi 3 kutoka Unyanyembe, nchi ya Tabora, hadi pwani, akipita katika nchi ambazo watemi wake walidai hongo, neno ambalo wakati ule lilikuwa na maana ya ushuru wa njia. Alipodhulumiwa, aliutua mzigo na kugoma, au alitoroka usiku, na Wazungu walioongoza misafara wamejaza vitabu vyao malalamiko juu ya jambo hilo. Kwa Wanyamwezi, kijana aliyekwenda pwani na kurudi alihesabiwa kuwa mwanamume kamili. Alirudi na nguo za kumpeleka kwa wakwe, akarudi na maneno ya Kiswahili, na mara nyingi msimu uliofuata aliondoka tena.

Hao ndio walioijaza Bagamoyo. Msimu wa misafara ulipofika, wageni kutoka bara walikuwa wengi katika mji kuliko wenyeji, wakapiga kambi, wakauza na kununua, wakangoja mizigo ya kurudi nayo. Mfanyabiashara Sewa Haji, aliyefanya biashara katika mji huu, alipata sehemu kubwa ya utajiri wake kwa kuwapatia wasafiri wapagazi na vifaa, na baadhi ya fedha hizo ndizo zilizojenga shule hapa Bagamoyo na hospitali Dar es Salaam, na jina lake linakumbukwa hadi leo katika jengo la Sewa Haji pale Muhimbili. Kwa aliyetembea miezi 3 na mzigo begani, Bagamoyo ilikuwa mahali pa kubwaga moyo kwa maana ya kuutua, kuupumzisha, kusahau njaa na hofu ya njia. Mpagazi alikuwa na kila sababu ya kuupa mji jina la namna hiyo, na nyimbo za misafara ziliusifu mji huu kwa furaha, wala si kwa kilio.

Kuna neno moja ambalo ningependa kila mwongoza watalii wa Bagamoyo alijue, kwa sababu ni la kazi yake. Aliyetangulia mbele ya msafara akiwa ameshika bendera aliitwa kirangozi. Alizijua njia, visima, vivuko na watemi, na wapagazi walimfuata kwa sababu walimwamini, kwa kuwa alikuwa mmoja wao aliyewahi kubeba mizigo kama wao. Mwongoza watalii ndiye mrithi wa kirangozi, na mgeni anayemfuata mitaani anamwamini kwa namna ile ile. Kwa hiyo si jambo dogo anapompotosha.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba watumwa walipita hapa, na ni kweli walipita, na sitaki mtu yeyote afute machozi yao katika historia. Walipita kabla ya mkataba wa mwaka 1873 uliofunga masoko ya watumwa katika milki ya Sultani wa Zanzibar, na wengine walipitishwa kwa siri hata baada yake, na utumwa wenyewe haukukoma kisheria Tanganyika hadi mwaka 1922. Nakubali pia, ingawa kwa shingo upande, kwamba mpaka kati ya mtumwa na mpagazi haukuwa wazi kila mahali: wapo watumwa wa pwani waliokodishwa na mabwana zao kubeba mizigo na kugawana nao ujira, na wapo mateka waliobebeshwa pembe njiani. Lakini kukubali hayo si kukubali kwamba kila Mwafrika aliyebeba mzigo alikuwa na mnyororo shingoni. Anayesema hivyo anamnyang'anya babu wa baba mkwe wangu ujira wake, ustadi wake na uamuzi wake wa kuondoka nyumbani, na hakumbakizii chochote isipokuwa huruma ya mgeni.

Tulikwenda pia Misheni, ambayo ilianzishwa na mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868. Pale tulisimama chini ya mnara na kuelezwa kwamba mwili wa Livingstone, yule mmisionari na mvumbuzi kutoka Uingereza, uliletwa hapo Februari 1874. Maelezo yote yalimhusu Livingstone. Alifia Chitambo, katika nchi ambayo sasa ni Zambia, tarehe 1 Mei 1873, na waliomkausha kwa chumvi na kumbeba kwa miezi karibu 9 hadi Bagamoyo walikuwa Chuma, Susi, Jacob Wainwright na wenzao wengi. Hakuna aliyewalazimisha, kwani bwana wao alikuwa amekwisha kufa. Jiwe la kaburi lake kule Westminster Abbey linasema kwamba aliletwa na mikono ya uaminifu, lakini mikono hiyo haikutajwa majina. London haikuwataja, na sisi tunaoishi pale walipoutua mwili huo tunawataja kwa haraka, ikiwa tunawataja. Ningefurahi sana kusikia mwongoza watalii mmoja akianza na Susi.

Ngome Kongwe na makaburi ya Kaole tuliyapita vizuri tu. Boma la Wajerumani la mwaka 1897 lilielezwa kama jumba la makao makuu ya koloni, wakati ambapo makao makuu yalikuwa yamehamia Dar es Salaam tangu mwaka 1891, kwa kuwa bandari yetu ni ya maji machache na meli kubwa zilitia nanga mbali. Kosa hilo nalisamehe upesi.

Nisilolisamehe upesi ni kwamba hatukuingia mtaani. Tulikwenda kutoka ukuta mmoja hadi mwingine kana kwamba watu wa mji huu walikwisha kufa wote. Hatukusimuliwa habari za Sheikh Yahya bin Abdallah, ambaye wengi wanamfahamu kwa jina la Sheikh Ramiya, aliyeletwa pwani kutoka Manyema, mashariki mwa Kongo ya leo, akiwa mtoto na mtumwa, akakulia katika nyumba ya liwali, mwakilishi wa Sultani, akasoma, akawa sheikh mkubwa wa tarika ya Kadiria, na kufikia kifo chake mwaka 1931 wanafunzi wake walikuwa wameenea mbali na Bagamoyo. Ikiwa tunataka kusimulia habari za utumwa, na ni lazima tuzisimulie, basi huyu ndiye wa kuanza naye, mtu mwenye jina, elimu na wajukuu, ambaye zikri zake bado zinasomwa.

Jioni nilimwomba baba mkwe radhi. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia, "Mwanangu, babu alikuwa akituambia kwamba ukivuka Kingani umekwisha kufika. Huo Kingani uko wapi?"

Nilishtuka, kwa sababu vijana wengi wa hapa hawalijui tena jina hilo. Kingani ndio Ruvu, sehemu yake hii ya chini inayoingia baharini kaskazini ya mji, na misafara ilikuwa ikiuvuka ikiwa imebakiza mwendo mdogo tu kufika. Asubuhi iliyofuata tulichukua gari tukashika barabara ya Msata, na tulipofika darajani nikaegesha pembeni. Mzee alishuka, akasogea hadi kwenye kingo za daraja, akayatazama maji ya udongo yanavyokwenda polepole. Akaniuliza walivuka kwa kutumia nini kabla ya daraja, nikamwambia kwa mitumbwi, nao walilipa ili wavushwe. Akatikisa kichwa. "Walilipa," akasema, kisha akanitaka nimwonyeshe upande wa Tabora ni upi.