Tulimcheka chura wa Kihansi

Ukitaka kuchangamsha kijiwe chochote hapa Morogoro, taja vyura wa Kihansi. Mmoja atauliza kama bado wanaishi Marekani, mwingine atataka kujua nani aliwagongea viza. Mjomba wangu, fundi redio mstaafu, ana la kwake kila mgao wa umeme unapoanza: "Vyura waoge kwanza, sisi tutasubiri." (Wana Yanga mnisamehe, leo nazungumzia vyura wa kweli.)

Nilicheka pamoja nao miaka mingi. Siku hizi nacheka nusu, maana nimegundua utani wetu unamlenga asiyehusika. Tunamdai chura hasara iliyosababishwa na haraka yetu wenyewe.

Mto Kihansi unatoka nyanda za juu za Mufindi na kuporomoka kwenye milima ya Udzungwa kuelekea bonde la Kilombero. Pale chini ya maporomoko, maji yanapopiga mwamba, kulikuwa na manyunyu mchana na usiku, mwaka mzima. Kwenye majani yaliyoloa manyunyu hayo, eneo lisilozidi sana uwanja wa mpira mara mbili tatu, ndimo alimoishi chura huyu, na hakuna kwingine duniani alikowahi kupatikana. Wanasayansi walimwona kwa mara ya kwanza mwaka 1996. Wakati huo mitambo ya kuchimba handaki la umeme ilikuwa tayari inanguruma mlimani.

Hapo ndipo ninapoona kosa. Bwawa la umeme la Kihansi tulilihitaji, na mimi ni wa kwanza kukubali: megawati 180 si kitu cha kuchezea, hasa kwa anayekumbuka giza la miaka ile. Lakini korongo lile halikukaguliwa vya kutosha kabla ya kuamua maji yapite wapi. Mitambo ilipowashwa, sehemu kubwa mno ya maji, kama asilimia 90, ikaingizwa handakini. Manyunyu yakakatika. Majani yakakauka. Kiumbe anayeutegemea unyevu kwa ngozi yake yote, utamwambia avumilie mpaka lini?

Yaliyofuata ndiyo yaliyozaa utani. Mwaka 2000 vyura 499 walikusanywa wakasafirishwa hadi bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Huku nyuma yakatandazwa mabomba ya kunyunyizia maji korongoni ili kuiga manyunyu ya zamani. Kwa muda ilionekana kama dawa imekubali. Mwaka 2003 walihesabiwa kwa maelfu. Halafu wakaporomoka ndani ya miezi michache, na vipimo vikaonyesha kuvu inayoshambulia ngozi za vyura, ile ile inayowamaliza katika nchi nyingi. Mwaka 2009 wakatangazwa rasmi kuwa wametoweka porini. Hata kule Marekani waliponea chupuchupu, maana wengi walikufa kabla walezi hawajajua wanakula nini na wanapenda mwanga gani.

Mwaka 2010 vyura 100 wakarudishwa nchini, wakawekwa kwenye maabara Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kuanzia 2012 wenzao wakaanza kuachiwa korongoni. Hakuna amfibia mwingine aliyekuwa ametangazwa kutoweka porini kisha akarudishwa nyumbani kwake kabla ya huyu. Nchi nyingine ingemchapa kwenye stempu. Sisi tulikuwa tunauliza, hadi bungeni, amekula mabilioni mangapi.

Swali la fedha ni halali, silikwepi. Mama anayejifungua kwa mwanga wa tochi ana haki ya kuuliza. Ila ulizeni pia fedha hizo zilitumika kwa sababu gani. Mabomba, ndege, maabara na mishahara ya walezi ni gharama za kurekebisha. Kulikagua korongo mapema, kabla ya baruti ya kwanza, kungehitaji wataalamu wachache, mahema, na misimu miwili mitatu ya kulowana.

Na kuna jambo ambalo vijiweni halitajwi kabisa. Misitu na vijito vya huko juu vinavyolisha korongo la chura ndivyo vinavyolisha mitambo. Vinyungu, yaani bustani za mabondeni, vikilimwa hadi kwenye vyanzo, miti ikakatwa, atakayeumia si chura peke yake. Anayelinda chanzo cha Kihansi kwa ajili ya chura analinda pia taa ya mjomba. Maji hayo hayo, yakishatoka pale, yanaingia Kilombero na kuendelea hadi Rufiji, ambako sasa tuna bwawa kubwa kuliko yote nchini.

Jumapili iliyopita nilimwonyesha mjomba picha ya chura huyu kwenye simu. Akavaa miwani, akaivuta ikawa kubwa. Chura ni wa rangi ya njano kama embe bivu, mkubwa akiwa hajafikia urefu wa kidole gumba. Nikamweleza kwamba huyu hatagi mayai kwenye dimbwi kama vyura wengine; anazaa watoto hai, kila mmoja kama punje ya mchele, na ngozi ya tumbo lake ni nyembamba hivi kwamba ukimgeuza unaweza kuwaona wakiwa bado ndani.

Mjomba alikaa kimya akilitazama lile tumbo. Kisha akanirudishia simu.

"Sasa wale 499 waliopanda ndege," akasema, "waliomo matumboni walihesabiwa?"