Connee Boswell: Redio Ilimbeba au Ilimficha?

Wapo wanaosema Connee Boswell, mwimbaji wa Marekani, alikuwa na bahati. Hakuweza kutembea tangu utotoni, lakini alianza kazi wakati redio inatamba Marekani, na redio haimuulizi mtu habari za miguu. Wengine wanasema redio hiyohiyo ndiyo iliyomficha. Mimi ni mpenzi wa santuri zake, na naona pande zote mbili zina hoja, ingawa hazina uzito sawa.

Alizaliwa mwaka 1907, akakulia New Orleans pamoja na dada yake Martha na mdogo wao Vet. Mwaka 1931 watatu hao walihamia New York, na haukupita muda wakawa wanasikika kupitia mtandao wa redio wa CBS. Waliimba kwa sauti ya chini, karibu kabisa na maikrofoni. Katikati ya wimbo mwendo ungebadilika ghafla, na sauti zao tatu zingebadilika pamoja, kama zimetoka koo moja. Wasikilizaji wengine walilalamika kwamba wanaziharibu nyimbo zilizozoeleka.

Walalamikaji hao waligombana na muziki wake, si mwili wake, na hapo ndipo wanaoitetea redio wana nguvu. Vijana nao walimsikia. Ella Fitzgerald, aliyekuja kuwa mwimbaji maarufu wa jazz, alipopanda jukwaa la ukumbi wa Apollo mjini New York mwaka 1934, akiwa na miaka 17, alijaribu kuimba kama Connee, na hakuacha kumtaja hata alipokuwa nyota. Tusisahau kwamba Connee naye alijifunza kwa waimbaji weusi, Mamie Smith akiwemo, na milango ya redio haikuwa wazi kwao kama ilivyokuwa kwa mabinti hawa Wazungu. Deni hilo ni zito.

Nje ya studio mambo yalikuwa mengine. Jukwaani, pazia lilipofunguka, dada hao walikuwa wameshakaa kwenye piano, wamebanana. Aliyekaa ukumbini hakuona jinsi Connee alivyofikishwa pale. Kundi lilipovunjika mwaka 1936, akabaki kuimba peke yake, na gauni refu likafanya kazi ya kufunika: alikaa juu ya kiti kirefu, akaonekana kama amesimama. Ndiyo desturi ya siku zile. Rais Roosevelt mwenyewe, aliyezungumza na taifa kwa redio, hakupenda kupigwa picha akiwa kwenye kiti cha magurudumu.

Wanaoilaumu redio wanasema iliuchukua ukimya huo kuhusu ulemavu na kuuingiza majumbani. Nakubali kwa sehemu. Sauti iliwafikia mamilioni bila kuwazoesha kumwona mwimbaji mlemavu. Lakini kuondoa redio kusingemwonyesha. Angebaki na jukwaa na filamu, sehemu mbili zilizodai afunikwe. Kwa hiyo naipa redio heshima yake, na lawama kubwa naielekeza kwa wenye kumbi na wapiga filamu.

Jambo moja linanifanya nisikubali kabisa kwamba kujificha ilikuwa hiari yake. Wakati wa Vita Kuu ya Pili aliomba kwenda ng'ambo kuwaimbia askari, kama wasanii wenzake walivyofanya. Alikataliwa kwa sababu ya ulemavu, wakati sauti yake ilikuwa ikiwafikia askari haohao kwa redio na santuri.