Hasira ya kijana au macho ya wenzake? Magenge, umati na saikolojia ya ghasia Mombasa

Kila vijana wenye mapanga wanapovamia Kisauni au Likoni, wakakata watu na kupora simu na maduka, mazungumzo ya barazani hugawanyika pande mbili. Wapo wanaosema watoto hawa wameharibika: unga wa kulevya, mugokaa wa kutafuna, malezi mabovu, roho za kinyama. Na wapo wanaosema ni njaa tu, kazi hakuna, na kijana aliyekata tamaa hufanya lolote. Pande hizi hubishana mpaka adhana ya isha, lakini kosa lao ni moja. Zote zinamtazama kijana akiwa peke yake, kama aliyetoka kwao mwenyewe na panga lake. Genge haliji hivyo. Huja watu kumi, huja ishirini, na baadhi yao ni watoto ambao hata kitambulisho hawajachukua.

Wanasaikolojia nao wamevutana juu ya jambo hili kwa zaidi ya karne moja, na mvutano wao unatuhusu sisi wa Mombasa kuliko tunavyodhani, kwa sababu kila dawa tunayoipendekeza, iwe ni askari, kazi au mawaidha, imesimama juu ya nadharia fulani ya kwa nini mtu humdhuru mwenzake.

Wanaosema njaa wana hoja nzito. Mwaka 1939 John Dollard na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walidai kwamba ukali wote wa binadamu hutokana na kuzuiliwa: mtu akifungiwa njia ya kupata alichokitaka, nguvu ile hugeuka kuwa shari. Ukimtazama kijana wa Majengo au Mtopanga aliyemaliza kidato cha nne, akaona meli zikiingia Kilindini kila siku na asipate hata kibarua cha kubeba gunia, nadharia hii haihitaji mkalimani. Lakini haifiki mbali. Dada yake alimaliza shule ileile, akakosa kazi ileile, analala nyumba ileile yenye paa linalovuja, na hashiki panga. Leonard Berkowitz aliliona tatizo hili akairekebisha nadharia: kuzuiliwa huleta uchungu, na uchungu hufungua mlango wa ukali, lakini kupita mlango huo kunahitaji mengine, kama silaha iliyo karibu au mtu wa kulaumiwa. Hayo mengine ndiyo tunayoyasahau barazani.

Kuna imani nyingine ya hasira iliyotukaa sana, ile ya kusema “waache wamtwange, watapoa.” Sigmund Freud alikuwa na fikra iliyokaribiana nayo, kwamba ukali ni nguvu ya ndani inayotafuta pa kutokea. Majaribio hayakuiunga mkono. Brad Bushman alichapisha mwaka 2002 utafiti ambamo watu waliokasirishwa walipiga gunia la ndondi huku wakimfikiria aliyewakera. Waliishia na hasira zaidi kuliko wale waliokaa kimya tu. Kupiga hakumalizi hamu ya kupiga.

Niliwahi kuwa soko la Kongowea asubuhi kijana mmoja alipopigiwa kelele za mwizi. Waliomkamata kwanza walikuwa wawili, mwenye simu na hamali mmoja wa mkokoteni, na hasira zao nilizielewa. Aliyenishtua ni mwanamume mwingine, aliyekuwa amebeba kreti ya nyanya begani. Aliitua chini taratibu nyanya zisipondeke, akampiga kijana mateke mawili ya mbavu, akainua kreti yake, akaenda zake. Hakuwa ameibiwa, na usoni hakuonyesha hata chembe ya ghadhabu. Alifanya vile kama mtu anayetimiza wajibu. Kisha mama mmoja muuza viazi akapenya hadi katikati, akamsimamia kijana pale chini, akaanza kuwaita waliokuwa mbele kwa majina yao, mmoja mmoja, akiwauliza kama mama zao wanajua wako wapi. Mikono ikalegea. Mtu aliyekuwa ameshika jiwe aliliangusha nyuma ya mguu wake, asionekane.

Kwa mujibu wa Gustave Le Bon, Mfaransa aliyeandika juu ya umati mwaka 1895, yule mama alitakiwa kupigwa pia. Le Bon alifundisha kwamba mtu akiingia katika umati hupoteza akili na nafsi yake, hurudi kuwa mnyama. Polisi wengi na wanasiasa wengi bado wanaamini hivyo, pengine bila kujua fikra hiyo ilikotoka. Lakini Stephen Reicher alipochunguza ghasia za mtaa wa St Pauls mjini Bristol, Uingereza, za mwaka 1980, aliona kitu tofauti: umati uliwashambulia polisi na kuziacha nyumba za watu, na baadhi ya waliokuwemo waliongoza magari yapite. Umati ulikuwa na mipaka, na waliokuwemo waliijua. Mwaka 1998 Tom Postmes na Russell Spears walikusanya tafiti 60 kuhusu dai kwamba mtu asiyetambulika hupotewa na maadili. Ushahidi ulikuwa dhaifu. Kilichojitokeza ni kwamba watu walio ndani ya kundi hufuata kanuni za kundi lile kwa wakati ule, ziwe mbaya au nzuri.

Ndiyo maana naelemea upande wa kundi. Kanuni ya umati wa Kongowea ilisema mwizi hupigwa, na mwenye nyanya akaitii. Mama alileta kanuni nyingine, kwamba wewe ni mtoto wa fulani, nayo ikatiiwa pia. Katika maskani ya vijana, vijiwe wanakokutana, mambo huenda vivyo hivyo. Kijana anayekata mkono wa mtu aliyekwisha kuitoa simu yake hakatii simu. Anawakatia wanaomtazama.

Hata hivyo upande huu nao umejengwa kwa matofali mengine mabovu. Philip Zimbardo alidai kwa jaribio lake la gereza la kuigiza, Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, 1971, kwamba vijana wa kawaida waliopewa vyeo vya askari wa jela waligeuka wakatili wenyewe, hata jaribio la wiki mbili likasitishwa baada ya siku sita. Kumbukumbu zilizochunguzwa miaka ya karibuni zinaonyesha kwamba “askari” wale walihimizwa wawe wakali. Muzafer Sherif naye anasifiwa kwa kambi ya mwaka 1954 huko Oklahoma, alipowagawa wavulana 22 makundi mawili, akawashindanisha, wakachomeana bendera, kisha akawapatanisha kwa kazi zilizowalazimu kushirikiana. Kisichosimuliwa sana ni kwamba mwaka 1953 alijaribu kambi nyingine, wavulana wakashtukia kuwa wanachonganishwa, wakakataa kugombana, naye akaifunga. Kwangu mimi, kambi hiyo iliyofungwa inafundisha zaidi. Kundi peke yake halitoshi. Pana mtu anayelichochea, na kundi likimgundua laweza kumkatalia.

Hapo ndipo lazima tuitaje Likoni ya 1997. Tarehe 13 Agosti mwaka huo kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, bunduki zikachukuliwa, na mauaji yakaanza dhidi ya watu waliohesabiwa kuwa wa bara. Zaidi ya watu 100 waliuawa na wengine wapatao laki moja wakayahama makazi yao. Vijana wa Pwani walikuwa na kinyongo cha kweli, cha ardhi na ajira, kwa hiyo Dollard angepata ushahidi wake. Mgawanyo wa “sisi” na “wao” ulikuwepo pia. Lakini kinyongo kile kilikuwepo miaka mingi kabla, na majirani walikuwa wakinunua samaki kwa mtu mmoja na kungoja feri moja. Kilichoongezeka mwaka ule wa uchaguzi ni vipeperushi, viapo, mafunzo ya msituni na watu wazima wenye maslahi ya kisiasa. Anayeeleza Likoni kwa saikolojia ya kijana tu anawasafishia njia hao.

Na sasa pingamizi ambalo siwezi kulikwepa. Ukisema “ni kundi,” unakaribia kusema hakuna mwenye hatia. Katika jaribio la Stanley Milgram, pale Yale, washiriki 26 kati ya 40 walikubali kuendelea kumpiga mtu shoti za umeme (hazikuwa za kweli, ila wao hawakujua) mpaka kiwango cha mwisho, kwa kuwa tu waliamriwa. Lakini 14 waligoma. Akili ni nywele. Katika kila maskani yumo aliyeambiwa twende akasema mimi siendi, na heshima yake inadai kwamba aliyekwenda awajibike. Mtu aliyekatwa panga ana haki ya kuona mkataji akisimama kizimbani kwa jina lake, na maelezo ya kisaikolojia hayamwondolei haki hiyo.

Utafiti unaonipa mwelekeo haukufanywa Yale wala Stanford. Ulifanywa Monrovia, Liberia. Christopher Blattman na wenzake waliwafuatilia wanaume 999 waliokuwa wakiishi kwa wizi na vurugu. Baadhi walipewa wiki nane za vikao vya kuzuia hasira na kubadili namna wanavyojiona, baadhi dola 200, baadhi vyote viwili, baadhi hawakupewa kitu. Baada ya mwaka, athari ya vikao peke yake ilikuwa imefifia. Pesa peke yake haikufaa. Waliopata vyote viwili walipunguza wizi na ghasia, na walipotafutwa tena baada ya takriban miaka kumi tofauti ilikuwa bado ipo. Matokeo haya yanaichokonoa hoja yangu, maana vikao vilifanya kazi juu ya mawazo ya mtu mmoja mmoja. Lakini vilifanywa katika vikundi, na waliovisimamia walikuwa watu waliopitia maisha yaleyale. Walimpa kijana macho mengine ya kumtazama.

Mombasa tunao watu wa namna hiyo, waliowahi kutembea na mapanga na sasa wanaendesha bodaboda au wanavua. Tatizo ni kuwapata. Sheria ya mwaka 2010 dhidi ya uhalifu wa magenge inaufanya uanachama wenyewe kuwa kosa, na mashirika ya haki za binadamu yamelalamika kwa miaka mingi kuhusu vijana wa Pwani waliopigwa risasi au kupotea. Ni nani atakayesimama mbele ya watu aseme “nilikuwa mmoja wao” bila kujua kitakachomfika kesho yake? Kaunti, polisi na ofisi ya mashtaka zinapaswa kwanza kuafikiana kwa maandishi: makosa yapi hayasamehewi, kama kuua na kukata watu, na nani anaweza kujitokeza akaendesha vikao bila kukamatwa akiwa mlangoni. Hilo likipatikana, mahali pa kuanzia panajulikana na kila mzee wa mtaa wa Kisauni, kwa kuwa maskani zenyewe anazijua moja moja.