Nimejibiwa "hapana" na nimefurahi, niacheni

Juzi nimetoka shifti ya usiku, niko kwenye basi nasinzia, ikaingia imeili ya bunge la huku Uingereza. Kuna petisheni niliisaini zamani nikaisahau kabisa, kumbe imepita sahihi 10,000 na zikifika hapo serikali inajibu kwa maandishi (zikifika 100,000 wanafikiria kuijadili bungeni). Jibu lenyewe aya nne, lugha laini, maana yake hatubadilishi sheria, kalale. Nikacheka peke yangu mpaka mzee wa siti ya mbele akageuka.

Najua mtasema huyu kala baridi miaka sita anajiona mzungu. Hapana jamani. Tena kwenye umri wa ndoa Bongo tuliwatangulia hawa, Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vile vya binti kuozwa na miaka 15 baba akikubali, ni kinyume cha katiba, wakati huku England mtoto wa miaka 16 alikuwa anaolewa kwa ridhaa ya wazazi hadi Februari 2023! Nilivimba kichwa siku ile, nikawatumia hukumu wote kazini.

Halafu? Serikali ilipewa mwaka mmoja irekebishe, ikakata rufaa, ikashindwa 2019, na baada ya hapo serikali jibu lake ni "wadau, wadau, tunakusanya maoni". Maoni gani tena na mahakama ishasema?

Na msiniambie sheria zetu ni nzito kubadilika. Tozo ya miamala ilianza Julai 2021, watu wakapiga kelele kila kona, Septemba ikakatwa asilimia 30. Miezi miwili! Muswada ukiletwa kwa hati ya dharura wiki haiishi umepita. Kwa hiyo spidi tunayo, tatizo tozo ilimgusa kila mwenye simu, ila binti wa miaka 15 hana hata laini ya kulalamikia.

Mama mdogo kaniuliza kwenye grupu la ukoo, "Sasa mwanangu hiyo hapana unaila?" Siili mama, ila sababu zao zote wameziandika, na naanza kuzipinga na ile ya tatu maana ni ya uongo. Ila nikiambiwa "wadau" tu, nitajibu nini?