"Kaa sawa!" Sawa ipi?

Idi iliyopita nilikuwa Tanga kwa bibi yangu, na kwa ujinga wangu nikajitolea kukuna nazi. Nilikuna mbili. Nilipotaka kuinuka kwenye mbuzi, kiuno kikakataa. Nikabaki nimepinda kama ndoano, mkono mmoja ukutani, mwingine mgongoni, watoto wananicheka. Bibi akaja, akajifunga khanga vizuri, akakaa, akazimaliza nne zilizobaki huku akisimulia habari za mgonjwa wa nyumba ya pili, kisha akainuka kama mtu aliyekuwa anasubiri chai tu. Amepita miaka 70. "Mume wangu," akaniambia, "wataka kuzeeka kabla yangu?"

Mimi ni mhasibu. Nakaa kwenye foleni ya asubuhi, nakaa ofisini, nakaa tena kwenye foleni ya jioni, halafu nafika nyumbani nimechoka, nakaa. Kama kukaa kungekuwa ufundi, ningekuwa na cheti. Sasa mtu wa namna hiyo anashindwaje kukaa kwenye mbuzi dakika 15?

Jioni ile nikamwomba bibi akune tena, nitazame. Alidhani namdhihaki, lakini akakubali. Mimi nilikuwa nimekalia mkia: makalio yameteleza mbele, mgongo umekunjika kama upinde, kidevu kimetangulia, na kazi yote ya kusukuma kizio inafanywa na mabega. Yeye kiwiliwili chake kiliinamia mbele kikiwa kitu kimoja, kikikunjikia kwenye nyonga kama mlango kwenye bawaba. Kiuno chenyewe hakikupinda. Halafu, na hili ndilo lililonishangaza zaidi, hakutulia. Kizio kimoja magoti yote yako upande wa kushoto, cha pili mguu wa kulia umenyooshwa, kabla ya cha tatu ameinuka kidogo kusogeza sinia. Nilihesabu: katika nazi mbili alibadilisha mkao mara tisa. Nilipomuuliza kwa nini, akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua.

Tangu siku hiyo nimekuwa na ugomvi na amri ya "kaa sawa".

Wengi wetu tumekulia chini ya amri hiyo. Mwalimu wangu wa darasa la tatu alikuwa na rula ya mbao ya mita moja, na alikuwa akipita nyuma ya madawati akiibandika mgongoni mwa mtu. Ukiiacha nafasi kati ya mgongo na rula, umeumbuka. Kwenye paredi tukaambiwa kifua mbele, tumbo ndani, mguu sawa! Tukakua tukiamini kwamba mgongo mzuri ni mgongo ulionyooka, na kwamba mwenye kuumwa amejitakia kwa kukaa kihuni.

Lakini uti wa mgongo haukuumbwa kuwa rula. Mtazame mtu kwa ubavuni. Pingili 7 za shingo zimebonyea kuelekea mbele, 12 za kifuani zimetokeza nyuma, 5 za kiunoni zimeingia tena mbele, kisha unashuka kwenye mfupa wa makalio. Mikunjo hiyo ndiyo inayofanya kazi ya springi. Mtu anayejikaza mpaka mgongo uwe bapa anapigana na umbo lake mwenyewe, na misuli yake itamwambia ndani ya robo saa.

Kuna kipimo kimoja ninachokipenda kwa sababu kiliwaumbua wakubwa wa "kaa sawa". Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ulm, Ujerumani, wakiongozwa na Hans-Joachim Wilke, walichapisha matokeo ya kumwingizia mtu mmoja aliyejitolea kipimo cha mgandamizo ndani ya diski ya kiunoni, yaani kile kisahani laini kinachokaa kati ya pingili na pingili. Wakampima akilala, akikaa, akisimama, akinyanyua vitu. Akisimama kawaida, mgandamizo ulikuwa megapaskali 0.5 (megapaskali ni kipimo cha mgandamizo). Akikaa bila kuegemea, 0.46. Akikaa kwa kujiachia, ule mkao wa kijiweni wa mtu aliyeteleza kwenye kiti, ulishuka hadi 0.3. Ndiyo, ulishuka. Mtu mmoja si taifa, na diski si kitu pekee kinachouma mgongoni, kwa hiyo sisemi twende wote tukajilaze vitini. Nasema tu kwamba dhambi tuliyochapiwa shuleni si kubwa kama tulivyoambiwa.

Namba nyingine za kipimo kile ndizo za kutisha. Kunyanyua kilo 20 ukiwa umeinama na mgongo umejikunja: 2.3. Kunyanyua mzigo uleule kwa kukunja magoti: 1.7. Ukiushika mzigo karibu na mwili: 1.1. Kilo 20 ni nini? Ni dumu lako la maji la lita 20. Kwa hiyo mama anayechota maji bombani, akilivuta dumu mpaka liguse paja kabla ya kulinyanyua, ameupunguzia mgongo wake zaidi ya nusu ya mgandamizo ambao angeubeba kwa kulinyanyua kwa mbali akiwa amepinda. Hilo lingebandikwa kwenye kila kioski cha maji badala ya matangazo ya mikopo.

Usiku, mtu yule akiwa amelala, mgandamizo ulipanda wenyewe kutoka 0.1 hadi 0.24. Diski zilikuwa zinanywa maji. Diski ya mtu mzima haina mishipa ya damu ndani yake. Chakula chake huingia kwa kupenya polepole, na maji hutoka inapobanwa na kurudi inapoachiwa, kama sponji. Ndiyo maana asubuhi unakuwa mrefu kuliko jioni kwa sentimita moja au zaidi kidogo. Sponji uliyoikandamiza saa nne mfululizo, hata kama umeikandamiza kwa adabu, inakauka. Bibi hajui habari za Ulm, lakini mara zake tisa katika nazi mbili zilikuwa ni kuibana na kuiachia.

Aliyenisaidia mimi ni kijana mmoja wa fiziotherapia. Nilimwendea baada ya kupoteza shilingi 25,000 kwenye mkanda wa kunyoosha mgongo, ule unaovaliwa kama begi la mgongoni bila begi. Ukiuvaa unanyooka, ukiuvua unarudi ulivyokuwa, na kwapa zimechubuka. Yule kijana hakuniambia nikae sawa. Aliniambia, "Kaka, kalia viganja vyako."

Fanya hivyo hapo ulipo. Weka viganja chini ya makalio, vikitazama juu. Utasikia mifupa miwili migumu, mmoja kila upande. Sasa jiachie nyuma: mifupa inateleza mbele na mgongo unakunjika. Jivute mbele mpaka kiuno kibonyee kupita kiasi: mifupa inateleza nyuma. Cheza hapo, mbele na nyuma, kila mara kwa mwendo mdogo zaidi, mpaka upate pale ambapo mifupa inachoma viganja moja kwa moja chini. Toa mikono. Hapo kifua kinapanda chenyewe, mabega yanashuka, kichwa kinakaa juu ya shingo badala ya kuning'inia mbele yake. Kichwa cha mtu mzima kina kilo kama 5, kwa hiyo mahali kinapokaa si jambo dogo. Mara ya kwanza nilicheka, maana nilikuwa nimekaa miaka 38 bila kujua ninakalia nini.

Kisha akaniambia neno ambalo nimelishika: hapo si pa kukaa, ni pa kurudia. Utaegemea, utapinda, utakunja mguu, ni sawa. Ukikumbuka, rudi, halafu ondoka tena.

Ofisini nilibadilisha vitu vichache. Kiti chetu ni kirefu kwangu na miguu ilikuwa inaning'inia, kwa hiyo nimeweka rimu mbili za karatasi chini ya meza nizikanyage. Kompyuta mpakato nimeipandisha juu ya mafaili ya zamani ya ukaguzi mpaka ukingo wa juu wa kioo ulingane na macho, na nimenunua kibodi ya pembeni ili viwiko visipande nayo. Mafaili hayo hatimaye yana kazi. Na kila nikipigiwa simu, nasimama. Sina kengele wala programu ya kunikumbusha. Simu za wateja zinatosha, hasa mwisho wa mwezi.

Viti vya plastiki vyeupe, vile vya harusi na misiba, sina la kuvisaidia. Vinabonyea katikati na kukusukumia nyuma utake usitake. Kaa kwenye ukingo wa mbele au nenda kasimame na wanaume nje.

Watu wakisikia haya hudhani nataka turudi mkekani. Mkeka una faida zake, sikatai. Watafiti waliowafuata Wahadza wa karibu na Ziwa Eyasi walichapisha mwaka 2020 kwamba wawindaji hao hukaa wametulia karibu saa 10 kwa siku, kiasi ambacho mtu wa ofisini hawezi kuwacheka. Tofauti ni kwamba sehemu ya muda huo wanachuchumaa au wanapiga magoti, na misuli ya miguu inaendelea kufanya kazi kidogo kidogo. Aliyeswali anaijua habari hii kwa mwili. Rakaa 17 za faradhi kwa siku ni kusimama, kuinama kwenye nyonga, kushuka, kukaa juu ya miguu, kuinuka. Chuoni maalimu wetu alikuwa akisema mgongo kwenye rukuu ulingane hata ukiwekewa bilauri ya maji isimwagike. Swala ni ibada, si mazoezi, lakini viungo vyangu havina elimu ya kutofautisha.

Kusimama kunasahaulika kwa sababu tunadhani kila mtu anajua. Mtazame mlinzi getini saa nane mchana: goti moja limekazwa, nyonga imetupwa upande, uzito wote uko mguu mmoja. Mtazame muuza duka: tumbo mbele, magoti yamefungwa kwa nyuma. Mimi siku hizi naona kwamba kwenye kwata amri yenye akili ni "mguu pande", si "mguu sawa". Miguu imeachana kwa upana wa nyonga, magoti yamelegea kidogo, uzito uko kati ya kisigino na kitako cha vidole. Kondakta wa daladala anasimama hivyo siku nzima bila kufundishwa, maana akikaza magoti, tuta la kwanza linamtupa mapajani mwa abiria.

Na aliyebeba ndoo kichwani ndiye mwalimu mkuu. Huwezi kutanguliza kidevu ukiwa na ngata na lita 10 juu yake. Mwaka 1986 Geoffrey Maloiy wa Nairobi na wenzake waliandika katika jarida la Nature kuhusu wanawake wa Kijaluo, wanaobeba kichwani, na wa Kikuyu, wanaobeba mgongoni kwa ukanda wa kwenye paji la uso. Walikuta kwamba wanawake hao waliweza kubeba mpaka asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu ya ziada kuliko kutembea mikono mitupu. Uchunguzi uliofuata mwaka 1995 ulieleza kwamba siri iko kwenye mwendo, namna mwili unavyopanda na kushuka kama pendulamu bila kupoteza nguvu njiani. Mimi nabeba kitabu kichwani nikitoka chumbani kwenda jikoni. Mke wangu ameshazoea.

Lakini tusiwageuze wazee wetu malaika wa mgongo. Shirika la Afya Duniani linasema watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno mwaka 2020, na katika visa 9 kati ya 10 hakionekani chanzo kimoja mahususi. Mkao ni sehemu tu ya habari. Usingizi, mawazo na kazi nzito vimo humo pia. Na kama mguu unakufa ganzi, au mkojo umeanza kukuponyoka, acha kusoma makala uende hospitali leo.

Bibi mwenyewe huamka siku nyingine ameshika kiuno, na anayajua maadui zake kwa majina: jembe la mkono na fagio la chelewa. Jembe ameliacha. Fagio hapana. Uwanja wake ni mkubwa, una mwembe, na kila alfajiri anaufagia ameinama kabisa, mkono mmoja nyuma ya kiuno, nusu saa nzima. Katika siku yake yote, huo ndio mkao pekee asioubadilisha.

Kabla sijarudi Dar nikaenda kwa seremala, nikakatiwa mti wa mita mbili kasoro, laini, nikaufungia chelewa kwa waya. Bibi akafurahi, akaniombea dua ndefu, akaufagilia uwanja mbele ya majirani ili waone mjukuu wake.

Mwezi uliopita nilipiga hodi. Fagio lilikuwa barazani, limefungwa upya kwa kitambaa cha khanga, fupi kama zamani. Mti wangu ulikuwa umeegemezwa kwenye mwembe, umetiwa ndoano ya waya kwa juu, umekuwa kingoe.

"Mume wangu," akasema, "mti wako huu wa baraka. Embe za tawi lile sasa simwombi mtoto wa mtu."