Jipe si mbali na Mombasa

Ukimwuliza mtu wa Mombasa Pwani yetu inaishia wapi, aghalabu atakwambia Mariakani. Ukishapita pale, minazi imekwisha na vumbi jekundu limeanza, basi kwa hesabu yake umeshaingia bara. Ramani hiyo siikubali hata kidogo. Mkoa wa Pwani wa zamani ulifika hadi mpaka wa Tanzania, chini ya Kilimanjaro, na leo kaunti ya Taita Taveta imo katika Jumuiya ya Kaunti za Pwani pamoja nasi, Kwale, Kilifi, Lamu na Tana River. Kule mwisho wa Pwani hiyo kuna ziwa, na pembezoni mwa ziwa kuna watu. Hao ndio nataka kuwasemea, kwa sababu sisi wa kisiwani tunakula jasho lao na hatuwajui.

Ziwa lenyewe ni Jipe. Unatoka Mombasa kwa barabara kuu ya Nairobi mpaka Voi, unakata kushoto, unapita Mwatate na Maktau, mbuga ya Tsavo ikikuandama njia nzima, halafu kabla ya kufika mjini Taveta unaacha lami na kushuka kusini. Maji unayaona kwa ghafla. Ni ziwa dogo, eneo lake kama kilomita 30 za mraba, na mpaka wa Kenya na Tanzania unalipasua. Kina chake hakifiki mita tatu sehemu nyingi. Ng'ambo imesimama milima ya Upare, imeinuka kama ukuta. Ukigeuka kaskazini magharibi asubuhi na mapema, kabla mawingu hayajapanda, unaiona Kilimanjaro yote.

Hali ya hewa ya huko humshangaza mtu aliyezoea unyevu wetu. Sisi tunavuja jasho usiku kucha, hasa miezi ya kaskazi. Kule joto ni kavu, na kwa kuwa pana mwinuko wa mita 700 hivi, usiku utalitaka shuka. Misimu ni ileile ya masika na vuli, ila mvua ni haba, takriban nusu ya ile tunayoipata Mombasa. Kuna miaka vuli haiji kabisa. Sasa utauliza: ikiwa mvua ni kidogo hivyo, ziwa linaishi kwa nini?

Linaishi kwa mlima. Mvua inayonyesha Kilimanjaro inazama ndani ya mawe ya volkano, inasafiri chini kwa chini, kisha inaibuka kwenye tambarare kama chemchemi. Ndiyo maana Taveta, katikati ya nchi kavu, ina chemchemi ya Njoro Kubwa na migomba ya kijani kibichi. Ziwa Chala, lile la shimo la volkano lililo kaskazini ya mji, nalo linalishwa na maji hayohayo ya ardhini. Jipe inapata maji yake hasa kwa mto Lumi, unaoanzia mteremko wa mashariki wa mlima, upande wa Tanzania, ukavuka kuingia Kenya na kumwaga ziwani. Kisha maji yanatoka tena kwa mto Ruvu, yanarudi Tanzania, yanajaza bwawa la Nyumba ya Mungu lililojengwa miaka ya 1960, yanazungusha mitambo ya umeme, na mwisho yanaingia Bahari Hindi pale Pangani. Bahari ileile tunayoogelea sisi.

Tatizo ni kwamba Lumi hauleti maji matupu. Misitu ya juu imekatwa, mashamba yamesogea hadi ukingoni, na kila mvua kubwa inateremsha udongo. Ziwa lenye kina kifupi likipokea udongo huo mwaka hadi mwaka, linafanya nini? Linajaa. Na pale panapojaa, matete yanaota.

Nimeketi ndani ya mtumbwi kule nikaona maana yake. Ni mtumbwi wa gogo moja lililochongwa. Mvuvi amesimama nyuma anausukuma kwa upondo, maana kasia halina nafasi. Njia ya kutokea ufukweni hadi maji ya wazi ni mfereji waliokata wenyewe kwa panga ndani ya matete, na upana wake unatosha mtumbwi mmoja tu. Ukikutana na mwenzio, mmoja lazima arudi nyuma. Matete yanapita kichwa cha mtu aliyesimama, huoni mbele wala huoni nyuma, na ndani yake humo mna viboko na mamba. Nikamwuliza mzee aliyekuwa akituendesha kama zamani ilikuwa hivi. "Zamani, mwanangu, ukisimama pale kijijini uliona maji mpaka Upare," akasema. "Siku hizi tunaona majani."

Samaki wamepungua pamoja na maji. Kuna aina ya ngege, yaani tilapia, ambayo wataalamu waliipa jina la ziwa hili, Oreochromis jipe, na asili yake ni hapa na katika maji ya mto Pangani tu, hakuna pengine duniani. Leo imo katika orodha ya samaki walio hatarini kabisa kutoweka. Anayebaki wavuni mara nyingi ni kambare.

Watu wa pale ni mchanganyiko: Wataveta wenyewe, Wataita, Wakamba, Wapare wenye ndugu pande zote mbili za mpaka, na wavuvi waliotoka Ziwa Viktoria wakahamia. Lugha inayowaunganisha ni Kiswahili, tena cha kueleweka vizuri. Mchana ndovu wa Tsavo wanakuja kunywa maji, usiku wanaingia mashambani. Hakuna mji wa kusema ni mji, ila vijiji vya wavuvi na wafugaji, na kituo cha maduka machache ambako watu huchajia simu.

Hapo ndipo hesabu ya vichwa inapoingia, na hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 Mombasa, na 340,671 katika kaunti nzima ya Taita Taveta. Sisi tumejibana watu kama 5,500 kwa kila kilomita ya mraba. Wao hawazidi 20. Ukiangalia tarakimu hizo kavukavu utasema kule hakuna watu, kwa hiyo shughuli za nini? Lakini asilimia 62 hivi ya kaunti ile ni mbuga ya Tsavo, ambamo mtu haruhusiwi kulima wala kujenga. Ukigawa watu kwa ardhi ambayo hawaruhusiwi kuikanyaga, umepata jibu gani?

Na hili si jambo la darasani. Mwaka 2020 Seneti ilikwama kwa wiki nyingi juu ya mfumo wa kugawa pesa za kaunti. Kulikuwa na kaulimbiu tamu ya mtu mmoja, kura moja, shilingi moja, yaani pesa zifuate idadi ya watu. Kaunti kavu, zenye ardhi kubwa na watu wachache, zingepoteza mabilioni kama ingepita vile ilivyoletwa. Maelewano yalipatikana Septemba mwaka huo, lakini fikra yenyewe haikufa. Bado ukimsikiliza mwanasiasa akijadili barabara au zahanati, swali la kwanza ni "kuna kura ngapi?" Kwa swali hilo Jipe haitapata kitu hata siku moja.

Mimi nasema tuwahesabu pia wanaolishwa. Nenda soko la Kongowea, hapa Mombasa, alfajiri, lori za Taveta zikishusha. Mikungu ya ndizi imesimamishwa wima, imefungwa kwa majani makavu ya mgomba, na utomvu bado unatiririka pale panga lilipopita. Mahamali wanaibeba begani, wamejitandikia gunia, na mama muuzaji anaigonga kwa kidole kabla ya kukubali bei. "Hizi za Taveta, dada, zimekatwa jana." Zinaondoka pale kwenda Likoni, Changamwe, Kisauni, Mtwapa. Mwezi wa Ramadhani ukiingia, ni nyumba ngapi za Mombasa zinafuturu bila ndizi za nazi? Nyanya nazo zinatoka hukohuko. Maji yaliyozikuza ni ya mlima uleule unaoilisha Jipe.

Halafu kuna maji ya kunywa. Bomba la Mzima, lililojengwa miaka ya 1950, linasafiri kilomita 220 hivi kutoka chemchemi ya Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi, hadi Mombasa. Maji ya Mzima asili yake ni milima ya Chyulu, hayahusiani na Lumi, na sitaki kuchanganya mambo. Lakini chemchemi imo Taita Taveta, na wenyeji wa huko wamelalamika kwa miaka kwamba bomba linapita mlangoni mwao likielekea kwetu huku wao wanabeba ndoo. Wana haki ya kulalamika. Mimi ningekuwa kule ningelalamika kwa sauti kubwa zaidi.

Najua jibu litakalokuja: Mombasa yenyewe ina kiu. Ni kweli. Mitaani kwetu watu wananunua maji kwa mtungi kutoka kwa mkokoteni, na visima vingi vya kisiwani vina chumvi. Mzima ya pili, yaani bomba la pili kutoka chemchemi ileile, imezungumzwa hadi watoto wamekuwa wazee. Lakini mji wenye kiu ndio unaopaswa kuwa wa kwanza kuuliza habari za kule maji yanakotoka. Kati ya 2009 na 2019 tuliongezeka kutoka watu 939,370 hadi hao milioni moja na ziada. Chemchemi hazikuongezeka.

Wengine watasema Jipe ni la nchi mbili, kaunti haiwezi kitu. Kenya na Tanzania zilishatia saini makubaliano mwaka 2013 ya kusimamia kwa pamoja Chala, Jipe na mto Umba. Karatasi ipo. Kinachokosekana ni pesa na watu wa kuzikumbusha serikali mbili hizo saini zao, na sauti ya mji wa watu milioni moja inasikika Nairobi kuliko ya kijiji cha wavuvi.

Mfano wa kufuata tunao hapahapa nchini. Nairobi ina mfuko wa maji wa Tana ya Juu, uliozinduliwa 2015, ambao unawasaidia wakulima wa nyanda za juu kuchimba matuta na kupanda miti ili udongo usiingie mitoni. Wanaotumia maji mjini wanachangia gharama ya kuyalinda huko juu. Mombasa inashindwaje? Nataka waheshimiwa wa bunge la kaunti yetu waketi na wenzao wa Taita Taveta ndani ya hiyo Jumuiya ya Kaunti za Pwani, wakubaliane kiasi kidogo kinachokatwa kwenye kila bili ya maji ya Mombasa, kianze na vijiji vinavyopitiwa na bomba la Mzima ili navyo vipate maji ya bomba, kisha kiende kwenye miche na matuta ya kingo za Lumi, na kulipa vijana wa Jipe kukata matete. Kiasi chenyewe kichapishwe kwenye bili, kila mwezi, ili kila mwenye nyumba ajue pesa yake imeenda wapi.